Kuzima au Kuacha Iwake

Jioni ofisi inapofungwa, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaozima kompyuta, wakasubiri feni inyamaze, ndipo wakachukua mkoba. Na wapo wanaozima skrini tu, wakaiacha mashine ivume chini ya meza hadi asubuhi, kwa sababu fundi fulani aliwahi kuwaambia kwamba kuwasha na kuzima ndiko kunakoua kompyuta. Ushauri huo umeenea kweli kweli. Nimeusikia kwa wahasibu, kwa walimu wa maabara za kompyuta, kwa wenye steshenari za kuchapa na kutoa kopi. Mimi ni wa kundi la kwanza na nitaeleza kwa nini. Lakini ni haki kwanza kueleza ushauri ule ulikotoka, maana uliwahi kuwa kweli, na watu wa kwanza kuufuata waliijua kazi yao vilivyo.

Mwaka 1943 Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza katika kituo cha utafiti cha Dollis Hill, London, alikuwa amependekeza kujenga mashine ya kielektroniki ya kusaidia kufumbua ujumbe wa siri wa makamanda wa jeshi la Ujerumani. Mashine hiyo ingehitaji valvu zaidi ya 1,500. Valvu ni ile chupa ndogo ya kioo yenye uzi wa moto ndani, ambayo wazee wetu waliiona ikiwaka nyuma ya redio zao. Wakubwa wa Bletchley Park, makao ya wafumbuzi wa siri, walisita. Kila mwenye redio alijua kwamba valvu huungua. Zikiwa 1,500 pamoja, ipi ingengoja nyingine zimalize kazi? Flowers alikuwa na jibu. Katika miaka ya 1930 alishughulika na valvu kwenye mitambo ya simu, akaona kwamba ile isiyozimwa hudumu muda mrefu sana. Zinazoungua ni zile zinazowashwa na kuzimwa kila mara.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Uzi wa chuma ukiwa baridi hupitisha mkondo mkubwa kuliko ukiwa umeshapata moto, kwa hiyo mara tu baada ya kuwashwa ndipo unapopigwa zaidi. Tena hupanuka ghafla, na palipokonda ndipo panapokatika. Balbu zetu za zamani za uzi nazo zilikuwa zikiungua pale pale unapobonyeza swichi, mara chache sana katikati ya usiku.

Mashine ya Flowers, Colossus, ilianza kazi Bletchley mapema mwaka 1944, na ikaachwa iwake usiku na mchana. Hadi vita inakwisha zilikuwapo 10. Upande wa pili wa bahari, Marekani, ENIAC ilizinduliwa Philadelphia mwaka 1946 ikiwa na valvu karibu 18,000. Mafundi wake nao waligundua kwamba valvu nyingi hufa wakati wa kupasha moto na wakati wa kupoa, wakaamua kutoizima. Baada ya kuhamishiwa Aberdeen, Maryland, iliwashwa Julai 1947 na kubaki kazini hadi saa 5:45 usiku wa tarehe 2 Oktoba 1955. Ilikuwa ikila kilowati 150, umeme ambao leo ungeendesha maelfu ya kompyuta mpakato, lakini kwa mafundi wale hesabu ilikuwa wazi: umeme ulikuwa nafuu kuliko kutafuta valvu moja iliyoungua kati ya 18,000.

Valvu zilipoondoka, ushauri ulipata mlezi mwingine: diski. Ndani ya diski kuu ya zamani kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea kwenye utando mwembamba mno wa hewa. Sahani ikisimama, hewa ile hutoweka na kichwa hutua juu ya sahani. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 diski nyingi zilikuwa na ugonjwa wa kichwa kuganda pale kilipotua, kikinatwa na mafuta yaliyopakwa kuilinda sahani. Asubuhi mwenye kompyuta anawasha, mota inajaribu kuzungusha, sahani haiendi. Mafundi wa siku hizo waliigonga diski kwa mpini wa bisibisi, na mara nyingine iliamka. Aliyepatwa na mkasa huo mara moja hakuizima tena kompyuta yake, na alimwonya kila mtu. Simlaumu.

Lakini wahandisi walilishughulikia tatizo hilo. Diski za baadaye huegesha kichwa nje ya sahani, kwenye kijiteremko maalumu, na huweza kufanya hivyo mara 300,000 na zaidi. Hata zile za kutua juu ya sahani, katika miaka yao ya mwisho, zilitengenezwa zihimili kuwashwa na kuzimwa kiasi cha mara 50,000. Anayezima mara moja kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 130 kuifikia idadi hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za seva zao. Kwa diski za chini ya miaka miwili hawakuona uhusiano wa maana kati ya kuzimwa mara nyingi na kufa. Kwa zenye miaka mitatu na kuendelea waliona tofauti ndogo, wakasema wenyewe kwamba huenda imetokana na mchanganyiko wa diski walizokuwa nazo. Na kompyuta nyingi zinazouzwa sasa zina hifadhi isiyozunguka kabisa: hakuna sahani, hakuna kichwa, hakuna cha kuganda.

Hivyo nguzo mbili za ushauri ule zimeanguka. Inabaki ya tatu, ambayo haijaanguka yote: joto. Chuma, plastiki na lehemu havipanuki kwa kiwango kimoja, na kila mashine inapopata moto na kupoa, viungo vya lehemu kwenye bodi kuu huvutwa kidogo. Ni kweli, na baada ya miaka mingi kiungo huweza kupata ufa. Ila kompyuta hupata moto na kupoa mchana kutwa, kila unapofungua programu nzito na kuifunga. Kuizima jioni kunaongeza mzunguko mmoja, wa aina ileile ambayo waliotengeneza bodi waliipigia hesabu tangu mwanzo.

Upande wa pili wa mizani kuna vitu vinavyochakaa kwa saa za kuwaka tu. Feni ina beringi zinazolika. Inavuta vumbi, na vumbi la mji wenye barabara za udongo hujaza vipoozi hadi hewa ikose njia. Kapasita, vile vikopo vilivyosimama kwenye bodi na ndani ya pawa saplai, zina umajimaji unaokauka polepole. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua nusu. Ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa iliyofungwa madirisha, kiyoyozi kimezimwa saa kumi na moja, haipoi usiku wa Februari. Kompyuta inayoachwa humo inazeeka bila kumfanyia mtu kazi yoyote. Nani anafaidika?

Hoja ya fedha ni fupi, na nashangaa haipigwi mara nyingi zaidi. Chukua kompyuta ya mezani inayovuta wati 50 ikiwa imewashwa bila kazi na skrini imelala. Ofisi ikifungwa saa 12 jioni na kufunguliwa saa 2 asubuhi, na mwisho wa wiki hakuna mtu, mashine hukaa peke yake saa 118 kati ya saa 168 za wiki. Ni asilimia 70. Kwa mwaka hizo ni uniti 307 hivi. Mteja wa kawaida wa LUKU nchini Tanzania, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipata takriban uniti 2.8 kwa kila Sh 1,000, anaunguza karibu Sh 109,000 kwa mashine moja. Maabara ya shule yenye mashine 20 inaunguza zaidi ya Sh milioni 2. Mashine hiyohiyo ikilazwa, ikavuta wati 2, gharama ya mwaka ni kama Sh 4,400. Ikizimwa bila kuchomolewa, ikanyonya nusu wati, haizidi sana Sh 1,000. Ninapowatajia wakuu wa shule hesabu hii huwa sina haja ya kuongeza neno. Milioni 2 ni vitabu.

Picha zinazocheza kwenye skrini, samaki wanaoogelea au mabomba yanayojijenga, haziokoi umeme hata kidogo. Zilibuniwa kuzilinda skrini za chogo, ambazo zikionyesha picha moja kwa muda mrefu ziliungua na kubaki na kivuli chake. Skrini bapa nyingi za leo hazihitaji ulinzi huo, zilale tu.

Nimetaja kulala, na hapo pana mtego kwa watu wa kwetu. Marekani, ambako wakala wa serikali wa mazingira ulianzisha alama ya Energy Star mwaka 1992 ili kuhimiza kompyuta zinazojilaza zenyewe, jibu la kawaida la swali letu ni: ilaze na nenda nyumbani. Ni jibu zuri penye umeme usiokatika. Kompyuta iliyolala huwa imezima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo hushika kazi yako kwa mkondo mdogo tu. Umeme ukikatika saa nane usiku, barua uliyoiacha wazi bila kuihifadhi imekwenda. Kompyuta mpakato ina betri, kwa hiyo inaweza kulala bila wasiwasi. Ya mezani haina. Kwa hiyo ya mezani, isipokuwa ina UPS nzima, ipewe ule usingizi mzito ambao kazi yako huandikwa kwenye diski kabla mashine haijazimika, au izimwe kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu linamaliza ubishi, na ambalo vitabu vilivyoandikwa ng'ambo havina sababu ya kulikazia. Kompyuta nyingi za Afrika Mashariki zinauawa na umeme, hasa umeme unaporudi.

Mtaa ukikatikiwa, friji, viyoyozi na pampu za maji hubaki zimewashwa, zikingoja. Umeme ukirudi, mota zote zinaanza kwa mpigo, na mota inayoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Volti zinashuka, taa zinafifia, kisha zinaruka juu. Mara nyingine umeme unakatika tena na kurudi ndani ya dakika hiyohiyo. Pawa saplai ya kompyuta iliyoachwa imewashwa inapokea mapigo hayo yote. Hatari kubwa zaidi ni waya wa nyutro kukatika au kulegea kwenye nguzo. Umeme wa mitaani huja kwa njia tatu zinazoshirikiana nyutro moja. Nyutro ikikatika, nyumba iliyostahili volti 230 inaweza kupata zinazokaribia 400, wakati jirani anapata umeme mdogo usiowasha hata taa. Ndiyo habari unayoisikia asubuhi: mtaa mzima televisheni zimeungua. Ekstensheni yenye kitaa chekundu haizuii hilo. Ile punje ya ulinzi iliyomo ndani yake hufaa kwa mshtuko wa kufumba na kufumbua, tena hupungua nguvu kila inapopigwa, na kitaa huendelea kuwaka hata ulinzi ukiwa umeshakufa.

Usiku ndipo hakuna mtu wa kuchomoa. Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, ilikuwa Ijumaa usiku. Ofisi zilikuwa zimefungwa, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi Jumamosi. Kila mashine iliyoachwa ikiwaka ilizimika ghafla, na isiyochomolewa ikakutana na umeme unaorudi bila mtu wa kuuchungulia kwanza. Kuzunguka maziwa makuu kuna radi pia. Dhoruba za Ziwa Victoria hujijenga hasa usiku, juu ya maji, na Kabare, karibu na Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, ni kati ya sehemu zinazopata radi nyingi zaidi duniani. Mshtuko wa radi hupita kwenye nyaya za umeme, na hupita pia kwenye waya wa mtandao kutoka ruta. Mtu wa Bukavu au Bukoba anayezima kompyuta na kuacha nyaya zote mbili zimechomekwa amefanya nusu ya kazi.

Wengine watasema: tuna UPS. Vema, lakini UPS za ofisini zimetengenezwa zikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, na usiku hayupo wa kuhifadhi wala wa kuzima. Kompyuta inaendelea kuvuta hadi betri inakauka. Betri hizo za risasi huchukia sana kukaushwa. Zikifanyiwa hivyo mara kwa mara wakati wa mgao, utakuta UPS inapiga kelele kisha inazima hapohapo, na fundi anakudai betri mpya. Kuzima kompyuta jioni kunailinda UPS vilevile.

Wanaoacha iwake wana hoja moja ya pwani ambayo naikubali. Hewa ya Zanzibar, Lamu au Tanga ina unyevu, na mashine yenye vuguvugu haishiki umande. Ukiwa na chumba kilichopozwa sana na kiyoyozi, kisha ukakifungua madirisha kwa hewa ya nje, chuma baridi kinaweza kulowa. Kinga yake ni kutokipoza chumba kupita kiasi, na asubuhi kuiacha mashine ifikie joto la chumba kabla ya kuiwasha.

Hadi hapa nimezungumzia vyuma. Programu nazo zina sababu zao za kutaka kupumzishwa, na moja iligharimu maisha ya watu. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa namba za sifuri na moja. Kila hesabu ilibaki na kosa dogo mno, na makosa yakajumlishwa. Baada ya saa 100 saa ya mtambo ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde. Kombora linalokwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde huwa limeshasogea zaidi ya nusu kilomita katika muda huo, kwa hiyo mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo. Waisraeli walikuwa wameiona kasoro hiyo na kuitaarifu Marekani wiki mbili nyuma. Waendeshaji waliambiwa kwamba kuuacha mtambo uwake muda mrefu sana kunaleta tatizo, lakini hawakuambiwa muda mrefu ni upi. Kuuzima na kuuwasha kungeirudisha hesabu kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Kasoro za jamii hiyo ni nyingi. Windows 95 na 98 ziliganda zikifikisha siku 49.7 bila kuzimwa, kwa kuwa kihesabio cha sehemu za elfu moja za sekunde kilijaa. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wake kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwani vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Kompyuta yako ya ofisini haimwui mtu, ila nayo hukusanya takataka: programu iliyosahau kurudisha kumbukumbu iliyoazima, kivinjari kilichovimba, na zaidi ya yote marekebisho ya usalama yaliyopakuliwa lakini hayafanyi kazi hadi mashine iwashwe upya. Microsoft ilitoa dawa ya ufa wa Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa huohuo, kikasambaa nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili.

Kwenye Windows kuna jambo la kuangalia hapa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, kompyuta nyingi hazizimiki kikamilifu: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili asubuhi iwake haraka. Mtu anazima kila siku kwa miezi mitatu na mfumo wake haujaanza upya hata mara moja. Anayetaka mwanzo mpya achague kuwasha upya, angalau mara moja kwa wiki, na aifanye Ijumaa kabla ya kuzima.

Wapo ambao mashine zao hazipaswi kuzimwa. Seva ya hospitali au ya benki, kinasa picha cha kamera za ulinzi, kompyuta inayonakili mafaili usiku: kazi yake ndiyo hiyo. Zipewe chumba chenye hewa, stabilaiza, UPS inayoweza kuizima seva yenyewe betri inapokaribia kwisha, na ratiba ya kuwashwa upya ambayo mtu fulani anawajibika nayo. Seva isiyo na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko kompyuta yoyote ya mezani.

Kwa mashine nyingine zote utaratibu wangu ni huu. Hifadhi, zima kupitia programu, subiri taa ya mbele izimike, ndipo uzime swichi ya ukutani na kuchomoa. Shuleni, mwalimu wa zamu azime mashine moja moja kwanza, kisha swichi kuu ya maabara. Kuanza na swichi kuu ni kuzikata umeme kikatili zote 20. Umeme ukirudi mchana, kaa dakika tano hadi kumi ukiangalia kama taa zimetulia kabla ya kuwasha chochote.

Na kama una mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, ambayo haijazimwa kwa miaka, usianze utaratibu huu leo jioni kwa haraka. Huko ndiko woga wa mafundi wa zamani bado una msingi: beringi iliyochoka inaweza kuendelea kuzunguka kwa miezi, ikashindwa kuanza tena ikisimama na kupoa. Nunua diski ya nje, nakili kila kitu ungali umeiwasha, fungua mafaili machache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka, ndipo uizime.